Pini ya Emil

Ndani ya choo cha treni iendayo Berlin, mvulana anatoa bahasha mfukoni. Anazihesabu noti zilizomo, tatu tu, kisha anachomoa pini kwenye ukosi wa koti lake na kuzidunga zote pamoja: kwanza noti, halafu bahasha, mwisho bitana ya koti. Ni mark 140. Mama yake, msusi wa mji mdogo wa Neustadt, amezidunduliza kwa taabu. 120 ni za bibi, 20 ni za mtoto mwenyewe. Emil Tischbein anarudi behewani akiwa ametulia kama mtu aliyefunga sefu.

Riwaya nzima ya Emil und die Detektive (Emil na Wapelelezi), aliyoitoa mwandishi Mjerumani Erich Kästner mwaka 1929, imening'inia kwenye pini hiyo.

Anayewaandikia watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili hadithi ya mikasa yenye vichekesho huwa na kazi ngumu, kwa sababu kicheko hupoza taharuki. Mtoto akishacheka, hofu imempungua, na mwandishi inambidi aanze upya kumtia wasiwasi. Wengi hutenganisha: sura moja ya mbio, sura moja ya mzaha. Kästner hakutenganisha. Kwake mzaha ndio unaobeba msuko, na ukiung'oa, hadithi inaanguka.

Pini inafanya kazi mara tatu. Mwanzoni inachekesha, maana ni uangalifu wa kizee ndani ya mtoto mdogo. Msomaji yeyote aliyewahi kumwona shangazi akifunga nauli kwenye pindo la kanga atamtambua Emil mara moja. Kisha Emil anapitiwa na usingizi. Akizinduka, bwana mmoja mwenye kofia ya duara aliyebaki naye behewani, Grundeis, hayupo. Anatia mkono mfukoni: mfuko mtupu, na pini inamchoma kidole. Mara ya tatu ni benki, ambako Grundeis amekwenda kubadilisha noti na anashikilia kuwa ni zake. Pesa haina jina la mwenyewe, na neno la mtoto mbele ya neno la mtu mzima aliyevaa vizuri halina uzito. Ndipo Emil anapokumbuka matundu. Noti zinakaguliwa, matundu yapo.

Hakuna kilichofichwa. Kidokezo kilikuwa wazi tangu kule chooni, ila msomaji alikuwa anacheka, na anayecheka hashuku.

Kuna pia sanamu, nayo imetumiwa kwa namna hiyohiyo. Kila riwaya ya watoto yenye mwizi hulazimika kujibu swali moja la kuudhi: kwa nini mtoto asimwite polisi, mambo yakaisha? Waandishi wavivu huwafanya polisi wajinga. Kästner alianza mapema zaidi. Kabla ya safari, Emil na wenzake walikuwa wameipamba sanamu ya mtawala wa zamani wa Neustadt kwa pua nyekundu na masharubu meusi, na askari wa mji, Jeschke, akawatokea. Kwa msomaji huo ni utundu wa kawaida. Kwa Emil ni jinai. Anaamini kabisa kwamba akikanyaga kituo cha polisi ataswekwa ndani yeye kabla ya mwizi. Basi mzaha wa ukurasa mmoja umefunga mlango wa njia rahisi, na sasa hana budi kumfuata Grundeis mwenyewe, katika jiji asilolijua, bila senti. Hata ndotoni Jeschke hamwachi: anamwona akiendesha treni inayovutwa na farasi.

Grundeis naye anaingizwa kwa mzaha. Akiwa behewani anamsimulia Emil kwamba Berlin ina majumba marefu kiasi kwamba mapaa yake yamefungwa angani yasipeperushwe, na kwamba ukiishiwa unaweza kuweka ubongo wako rehani benki. Ni uongo mtamu, na mtoto anayesoma anaufurahia. Lakini tazama umefanya nini: umetuonyesha mtu anayedanganya kwa starehe, bila mwandishi kutumia hata sentensi moja kusema kwamba huyu ni tapeli.

Halafu kuna Berlin yenyewe. Emil anateremka kituo cha Zoologischer Garten akimfuata mwizi, ilhali bibi na binamu yake wanamngoja kituo cha Friedrichstrasse. Kutoka alipoteremka ni tramu, mkahawa, hoteli ya Nollendorfplatz anakolala Grundeis, yote katika jiji ambalo msomaji wa wakati ule angeweza kulitembea kwa nauli ndogo. Katika utangulizi wake wa kuchekesha, Kästner anadai alikuwa anataka kuandika riwaya ya visiwa vya mbali vya bahari ya kusini, akakwama, na mhudumu wa mkahawa akamshauri aandike anavyovijua. Akalala chali sakafuni, akaanza kuitazama miguu ya meza. Ndipo akamkumbuka Emil, kwa sababu Tischbein maana yake ni mguu wa meza.

Majina ya namna hiyo humpa kazi mfasiri yeyote wa Kiswahili. Katika genge la watoto wanaomsaidia Emil, pamoja na Gustav mwenye honi, yumo mdogo mmoja aitwaye Dienstag, yaani Jumanne. Kwa Mjerumani jina hilo linachekesha lenyewe. Kwetu akina Jumanne wamejaa kila mtaa, hakuna wa kucheka. Ila kichekesho hakijafia hapo, kwa sababu kazi aliyopewa Dienstag ni ya kukaa nyumbani kando ya simu. Wenzake wanakimbizana na mwizi. Yeye anapokea ujumbe na kuupeleka mbele. Ndiye pekee asiyeona chochote cha mkasa huo, na ndiye ambaye bibi anamsifu kuliko wote mwishoni. Sifa hiyo inafika moyoni kwa sababu kwa kurasa nyingi tumekuwa tukimwonea huruma huku tukitabasamu.

Ufundi mkubwa zaidi uko asubuhi ya pili. Hadi hapo watoto wamekuwa wakijificha, wakinong'ona, wakilinda mlango wa hoteli. Kisha wanageuza mkakati: wanatoka hadharani, umati mzima, na kumfuata Grundeis barabarani bila kumgusa. Akisimama, wanasimama. Akiongeza mwendo, nao wanaongeza. Ni tukio la kuchekesha kuliko yote kitabuni na pia la kutisha kuliko yote, ukijiweka katika nafasi ya mwizi. Filamu ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Gerhard Lamprecht na kuandikiwa mswada na Billy Wilder, ililijua hilo.

Palipolegea ni kwa Pony, binamu yake Emil. Ana baiskeli, ana ulimi mkali, na kila akitokea ukurasa unachangamka. Halafu mwandishi anamtuma alete kahawa na mikate, kisha arudi kwa bibi. Kwa fundi aliyeweza kumpa kazi hata mtoto wa kupokea simu, huo ni uzembe.

Lakini amempa neno la mwisho, au tuseme kelele ya mwisho. Mwizi amekamatwa, imegundulika aliwahi kuhusika na wizi wa benki, na Emil amepata zawadi ya mark 1,000. Familia imekaa mezani, inatafuta funzo. Emil anasema asiaminiwe mtu. Mama anasema watoto wasisafiri peke yao. Bibi anawakatiza wote wawili: upuuzi mtupu, pesa zitumwe kwa posta. Leo angesema zitumwe kwa simu. Kikongwe amegusa tundu ambalo riwaya yote imepitia, maana mama angekwenda posta, Emil asingekuwa na cha kuibiwa, na Kästner asingekuwa na kitabu. Pony anashangilia, anapanda kiti kama farasi, na kukiendesha hadi chumba cha kulala.