Namna ya Kuipima Nguzo ya Mawe Kandoni mwa Mifereji ya Venice

Wageni wengi wa Venice hutazama juu, kwenye makasri. Mpenzi wa kazi ya mawe hutazama chini, kwenye nguzo fupi zilizopangwa kandoni mwa mifereji na madarajani, zikishika vyuma vinavyomkinga mpita njia asitumbukie majini. Chumvi, mvua na kutu huzishambulia mwaka mzima, kwa hiyo kazi mbovu haikawii kujulikana. Zipime kwa kanuni moja: nguzo bora ni ile inayojua kuyaondoa maji. Nakshi huja baadaye.

Anza na jiwe. La kuaminika ni la Istria, rasi iliyo ng'ambo ya Bahari ya Adriatiki, ambayo leo sehemu yake kubwa ni ya Kroatia. Pwani yake ilitawaliwa na Venice hadi 1797, na mawe yalivushwa kwa vyombo vya baharini. Ni jiwe la chokaa lililoshikamana sana, linalonywa maji kidogo mno. Mafundi waliliweka hata chini ya kuta za matofali ili kuzuia unyevu usipande. Tofali likinywa maji ya chumvi kisha likakauka, chumvi huganda ndani na kulibomoa. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huo katika kuta zao za mawe ya matumbawe.

Chunguza mistari myembamba yenye mawimbi ndani ya jiwe, kwani hapo ndipo penye udhaifu. Ikilala, uzito wa nguzo huibana. Ikisimama wima, maji hupenya na jiwe hubanduka vipande vipande. Fundi makini hulilaza jiwe kama lilivyolala ardhini.

Rangi isikudanganye. Upande unaooshwa na mvua huwa mweupe, na upande uliojificha hufunikwa na utando mweusi wa jasi na masizi. Weusi peke yake si dalili ya jiwe baya. Pitisha kidole: kikitoka na unga, jiwe limeanza kuoza.

Kisha soma alama za tindo. Kazi nzuri ina mkanda laini kuzunguka kila uso, wenye upana uleule pande zote, na katikati vidonda vya tindo vilivyopigwa kwa mkono mmoja usiochoka. Kichwa cha nguzo kiwe na mteremko au mviringo. Kichwa bapa hutuamisha maji, na maji yaliyotuama hayakosi kupata ufa.

Kaa zaidi pale chuma kinapoingia kwenye jiwe, maana nguzo nyingi hufia hapo. Chuma kikipata kutu hutanuka, na jiwe halina pa kukimbilia ila kupasuka. Mafundi wa zamani walimimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya tundu, kisha wakaigongagonga ikaze. Risasi njema imejaza tundu lote na imeinuka kidogo ili maji yateleze nje. Doa la rangi ya kutu chini ya tundu ni onyo. Ufa unaoanzia tunduni ni hukumu.

Mwisho, kagua viraka. Kiraka cha heshima hukatwa kwa jiwe la aina ileile, mistari yake ikifuata ya jiwe mama, na kuungwa kwa udongo wa chokaa katika kiungo chembamba. Saruji iliyopakwa juu ya jeraha ni ngumu kuliko haja: hufungia unyevu ndani, na siku ikibanduka huondoka na jiwe zima lililokuwa jirani yake.

Ukikuta nguzo yenye ua la kuchonga lakini imepasuka kwenye chuma, na jirani yake isiyo na pambo lolote imesimama nzima, mpe sifa aliyechonga ya pili. Huyo alifikiria mvua itakayonyesha wakati yeye hayupo, na uhodari wa kazi ya mawe katika mji wa maji ndio huo.