Hongera, Makumbusho ya Pilsen

Mwacha mila ni mtumwa, na walimu wa Chicago walilijua hilo. Mwaka 1982 Carlos Tortolero na walimu wenzake walianzisha makumbusho ya sanaa ya Meksiko. Mwaka 1987 yakafungua milango katika bustani ya Harrison, mtaani Pilsen. Leo yanaitwa National Museum of Mexican Art, na kiingilio ni bure.

Mtaa huu ulipewa jina na wahamiaji wa Kicheki. Wameksiko walimiminika humo kuanzia miaka ya 1950 na 1960, wengi wakiwa wameondolewa eneo la Near West Side kupisha ujenzi wa chuo kikuu. Hawakukaa kinyonge. Walipigania shule ya sekondari ya watoto wao, na mwaka 1977 shule ya Benito Juarez ikafunguliwa. Kuta za reli ya Mtaa wa 16 zikajaa michoro.

Kila msimu wa Siku ya Wafu, sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka marehemu, makumbusho hupamba madhabahu: picha za marehemu, maua ya rangi ya chungwa, mishumaa, mkate na mafuvu ya sukari. Mtoto wa Pilsen huona mambo ya nyumbani kwa bibi yake yamepewa heshima ya jumba la sanaa.

Kodi za nyumba zimepanda Pilsen, familia nyingi zimehama. Kwa hiyo taasisi hii inastahili pongezi za dhati: imewatunzia watu kumbukumbu yao, na haijawatoza hata senti kuitazama.