Ngoma Iitayo Jina: Suala la Mtunzi katika Muziki wa Filamu ya Black Panther

Wahakiki walioishughulikia filamu ya Black Panther tangu ilipotoka mwaka 2018 wamejikita zaidi katika yale yaonekanayo kwa macho, yaani mavazi, silaha na mandhari ya ufalme wa kubuni wa Wakanda. Yasikikayo wamewaachia wanamuziki. Makala haya yanashikilia kwamba mwanafasihi hana haki ya kuyaacha, kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki huo ni matini: una wimbo wenye maneno, una jina linalotamkwa kwa ngoma, na una mvutano juu ya nani aitwe mtunzi. Filamu hii nimeitazama mara tatu, ya mwisho ikiwa katika banda la video nyumbani Kombani, na ni utazamaji huo wa mwisho ulionitia shaka juu ya baadhi ya mambo niliyokuwa nimekwisha yaandika.

Tuanze na uteuzi wenyewe. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 200 haikabidhiwi mtu kwa bahati nasibu. Filamu za mashujaa wa aina hii zina desturi yake ya muziki, nayo ni okestra kubwa, tarumbeta za ushindi, na mtunzi aliyekwisha kuthibitishwa na filamu nyingine za jinsi hiyo. Desturi hiyo imewahi kuvunjwa. Mwaka 1989 Tim Burton alipotengeneza Batman alimchukua Danny Elfman, mtu wa bendi ya roki, na leo muziki ule unahesabiwa miongoni mwa vielelezo. Ryan Coogler naye alimchukua Ludwig Göransson, Mswidi aliyesoma naye chuoni California na kumtungia muziki wa filamu zake mbili za awali, Fruitvale Station (2013) na Creed (2015). Nje ya hapo Göransson alijulikana kwa muziki wa vichekesho vya televisheni na kwa kuzalisha nyimbo za Childish Gambino. Kwamba kijana huyo wa Ulaya ya Kaskazini ndiye angeipa sauti nchi ya Kiafrika ambayo haikuwahi kutawaliwa na mkoloni, hilo lilitosha kuzusha maswali.

Maswali hayo yana uzito wake, lakini yakiishia kwenye rangi ya ngozi ya mtunzi hayatufikishi mbali. Tunapaswa kuuliza alifanya nini. Kabla ya kutunga, Göransson alikwenda Senegali akafuatana na mwimbaji Baaba Maal katika ziara zake za maonyesho. Kisha akaenda Afrika Kusini, kwenye Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyoasisiwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Aliyoyapata Senegali ndiyo yaliyoijenga filamu. La kwanza ni tama, ngoma ndogo ibanwayo kwapani, ambayo mpigaji huzikaza na kuzilegeza kamba zake kwa mkono hadi sauti ikapanda na kushuka kama ya msemaji. Massamba Diop aliipiga akilitamka jina la T'Challa, mfalme wa Wakanda. Kila shujaa huyo anapotokea ngoma humwita, wala si kumsindikiza tu. La pili ni sauti ya Baaba Maal tunayoisikia ndege ya kifalme inapoingia Wakanda kwa mara ya kwanza. Mtunzi mwenyewe ameeleza kwamba wimbo ule ni juu ya ndovu aliyekufa.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kusimama. T'Chaka, babaye T'Challa, amekwisha kuuawa, na mwanawe anarejea nyumbani kutawazwa. Ndovu aliyekufa ni mfalme. Asikiaye Kipulaar ameambiwa hadithi mapema, na sisi wengine tumepewa sauti nzuri ya kusindikizia milima na mito. Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, jabali asiyepenyeka kwa silaha isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, muziki ndio uendeshao matukio. Akiwa kifungoni anamtumia mamake ujumbe kwa wimbo, kupitia kwa kijakazi Saada, naye mama anaelewa kwamba tupa ifichwe ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawatautamani. Kisha shujaa anaandaa ngoma ya gungu, na vishindo vya ngoma hiyo vinaificha sauti ya tupa ikatayo minyororo. Walinzi wanasikia burudani wakati mwenziwe anasikia maagizo.

Kwa kipimo hicho, wimbo wa ndovu ni wa jadi ya Liyongo, na Göransson anastahili sifa kwa kutoridhika na sauti tupu isiyo na maana, ingawa wengi wa watazamaji wake wasingegundua tofauti. Hata hivyo, kuna pengo. Wimbo wa Liyongo una mama ausikiaye. Wimbo wa Baaba Maal hauna masikio ndani ya hadithi, kwa sababu watu wa Wakanda wanazungumza Kixhosa na Kiingereza, wala hapana mhusika hata mmoja anayeonyesha kwamba ameusikia na kuuelewa. Ujumbe umetumwa, mpokeaji hayumo.

Filimbi imefanikiwa zaidi. Wako waliolalamika kwamba filimbi ya Wafula haimfai Killmonger, mpinzani wa T'Challa aliyelelewa Oakland, Marekani. Kwa maoni yangu huo ndio uteuzi bora kuliko yote katika kazi hii. Filimbi hiyo hupigwa huku mpigaji akinong'ona, akisema na hata kupaza sauti ndani yake, na Göransson amesimulia jinsi Amadou Ba, baada ya kuelezewa tabia za mhusika, alivyoinua filimbi na kuanza kumsema humo kwa hasira. Chini yake kukawekwa besi nzito na midundo ya hip-hop. Tunachokisikia ni pumzi ya mtu aliyenyimwa kwao, ikipambana na midundo ya mahali alipokulia. Anapokitwaa kiti cha enzi sauti hizo mbili zinaivamia okestra, na kwa muda mfupi filamu inaacha kujua ni ya nani. (Wanaoijua chivoti ya Wadigo watakubaliana nami kwamba filimbi ya kulazwa ina uwezo mkubwa kuliko kazi ya kuchunga mbuzi ambayo vitabu vya shule huipa.)

Sasa, ni nani aliyelitunga hilo? Mwezi wa Februari 2019 tuzo ya Oscar ya muziki wa filamu ilitolewa kwa jina moja. Kiswahili kinayo malenga, manju, mghani na mtunzi, na mipaka baina yao haikuwahi kuwa ukuta. Manju wa ngoma hutunga akiwa uwanjani, mbele ya watu, akijibu lililotokea muda huo huo. Alichokifanya Ba studioni ni kazi ya manju: alipewa mhusika, akamtungia hapo hapo. Kumwita mpiga ala tu ni kuutumia msamiati wa karatasi kwa sanaa isiyozaliwa karatasini. Sidai kwamba Göransson aliiba. Amewataja wenzake hadharani mara nyingi. Nadai kwamba utaratibu wa tuzo haukuwa na neno la kuwaita.

Upo pia usumbufu mwingine, nao unatugusa zaidi sisi wa upande huu. Ramani za filamu hizi huiweka Wakanda Afrika ya Mashariki, jirani na Ziwa Turkana. Lugha yake imetoka kusini, ngoma yake magharibi. Mambo yalikuwa hivyo hivyo katika The Lion King ya mwaka 1994, ambapo Simba, Rafiki na Pumbaa walipata majina ya Kiswahili lakini sauti ya ufunguzi, ya Lebo M, ikawa ya Kizulu, naye Hans Zimmer akaipokea Oscar. Inaonekana sisi hutakiwa majina na mandhari. Kanda alizozirekodi Tracey nchini Kenya mwaka 1950 zimo katika maktaba ile ile aliyoitembelea Göransson.

Katika banda la Kombani, mita chache kutoka pale njia ya Kwale inapoachana na barabara ya Likoni, nilikaa karibu na mzee aliyewahi kuwa mpigaji wa sengenya. Nilitaraji aikatae tama, kwa kuwa si ngoma ya kwao. Aliipokea. Kilichomuudhi ni kilichofuata. Ngoma imeita, alisema, na wanaojibu ni tarumbeta. Katika sengenya, chapuo ikiuliza hujibiwa na ngoma, na nzumari haiingii kabla mazungumzo hayo hayajakwisha. Humu mwitaji alikatizwa kila mara. Nilirudi kwenye maandishi yangu nikaifuta sentensi iliyosema kwamba tama ndiyo uti wa mgongo wa muziki huu. Tama ni mlango. Nyumba imejengwa kwa okestra, na hilo sikuwa nimelisikia kwa sababu nilishughulishwa mno na jina liitwalo.

Aliniuliza, "Mwanangu, anaitwa nani huyo mpigaji?" Sikuweza kumwonyesha, kwani mwenye banda huizima filamu mara majina yanapoanza kupanda, apate kuwaingiza watu wa onyesho lijalo. Juma lililofuata nilimpelekea jina kwenye karatasi. Alinitaka nilisome mara mbili, Massamba Diop, kisha akaligonga kwa vidole juu ya benchi, akasema kwamba alivyoliandika mwenye karatasi sivyo livyopigwa.