Jarida Lisilo na Mshahara: Maandishi ya Wapenzi wa Land Rover Yakisomwa Kikula

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na mara chache husogea hadi kwenye hadithi fupi ya gazetini. Maandishi yanayotungwa na watu wasiolipwa, yakapigwa chapa kwa michango ya wanachama na kusomwa na wale wale walioyaandika, hayajapewa nafasi. Makala haya yanakusudia kusoma jarida moja la aina hiyo, tena la mbali: lile la Ottawa Valley Land Rovers, chama cha wapenzi wa magari ya Land Rover kilichoanzishwa nchini Kanada mwaka 1983. Msomaji ana haki ya kuuliza jarida la Ottawa linatuhusu nini sisi wa Kikula. Jibu fupi ni kwamba chuma ni kile kile. Jibu refu linadai makala nzima, kwa kuwa linagusa swali ambalo idara zetu za lugha zimelikwepa kwa muda mrefu: ni nani mwenye idhini ya kuandika juu ya spana, na aandike kwa Kiswahili kipi?

Kwanza tulieleze jarida lenyewe. Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Fremu ya chini, hata hivyo, ni ya chuma. Jambo hili dogo la kiwandani ndilo lililozaa nusu ya maudhui ya jarida. Kanada humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi haidhuru sana alumini bali hula fremu. Kwa hiyo wanachama hukutana kila Oktoba kuzipaka fremu zao mafuta kabla ya theluji, na kila Juni hukutana tena kusherehekea siku ya kuzaliwa ya chama. Jarida limejengwa juu ya kalenda hiyo. Lina tangazo la mkutano, kisha taarifa ya mkutano, kisha maelezo ya kifundi, kisha vipuri vinavyouzwa na kutafutwa. Mhariri ni mwanachama, na katika kila toleo utamwona akiwasihi wenzake walete makala. Kilio hicho, nadhani, kila aliyewahi kuhariri jarida la idara atakitambua bila kufasiriwa.

Hata hivyo kiini cha maandishi haya si tangazo wala ufundi. Ni kisa cha kuharibikiwa. Mtu anaondoka nyumbani, gari linakataa njiani, anajaribu hili na lile, mwenzake anatokea na kamba au kipuri, wanarudi usiku wamelowa. Muundo wake ni wa kale kuliko magari, kwani ngano zetu nyingi zinafuata mkondo huo huo wa kuondoka, kukwama, kusaidiwa na kurejea. Kinachovutia ni nafsi ya msimulizi. Msimulizi wa jarida hili hajisifu. Hueleza alivyosahau kuangalia mafuta au alivyofunga kipuri kinyume, na wenzake humtunza kwa tuzo za mzaha mwisho wa mwaka. Kushindwa ndiko kunakompa mtu haki ya kusimulia.

Tulinganishe na namna Afrika ya Mashariki ilivyoyaandika magari. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miongo kadhaa kurasa za michezo za Kenya, Uganda na Tanzania ziliwajengea madereva wake sifa za kishujaa. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara 5. Uandishi ule ni wa majigambo kwa maana ya kifasihi: jina, nasaba, gari, ushindi. Aliyekwama Taita kwenye tope hakupata zaidi ya mstari mmoja. Jarida la wanaojitolea limempindua shujaa huyo. Limemchukua aliyekwama, likamweka ukurasa wa mbele.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ubora wa jarida ulipo, na hapo hapo ndipo pana udhaifu wake. Kucheka gari lililokufa njiani ni anasa ya mtu ambaye Jumatatu ataenda kazini kwa gari jingine. Kwa mwandishi wa Ottawa, Land Rover ni starehe ya mwisho wa juma. Kwa mwenye gari wa Kikula, anayebeba magunia ya makaa au mahindi kutoka upande wa Lufira, motokari ikikatala siku tatu watoto hawali. Kisa ni kile kile, ila kicheko hakiwezi kuwa kile kile. Aidha, maandishi ya wapenzi wa Land Rover kwa jumla, si ya chama hiki peke yake, yana ibada ya uhalisi: namba ya fremu ilingane na ya injini, rangi iwe ile ya kiwandani, hata parafujo iwe ya mwaka wake. Katika garaji za kando ya barabara za Kikula uhalisi una maana nyingine. Gari lenye fremu ya Uingereza, injini ya Japani na springi zilizotoka kwenye kamyo la migodi ni gari halali kabisa, kwa sababu linatembea. Mhakiki wa fasihi simulizi atalielewa hilo haraka kuliko mkusanyaji wa makavazi. Sisi tulikwisha kukubali kwamba ngano haina nakala asilia moja, na kwamba kila fanani huitengeneza upya kwa vipande alivyo navyo.

Kuna pia ukimya fulani katika maandishi hayo. Afrika huonekana ndani yake kama mandhari: vumbi, tembo, barabara ndefu. Wanaoliendesha gari hilo na kulifungua usiku kwa tochi hawaonekani. Hatuwalaumu sana watu wa Ottawa, kwani wao huandika wanayoyajua. Lawama ikiwapo, irudi kwetu tunaoyajua tusiyoandika.

Tugeukie sasa lugha, maana msamiati wa magari ni ushahidi wa historia ambao haujachimbuliwa vya kutosha. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na pamoja nayo yakaja maneno ya Kiingereza kabla Kifaransa hakijashika nguvu mijini. Ndiyo sababu mzee wa Likasi husema *motokari* na *mutuka*, ingawa alitawaliwa na Wabelgiji. Juu ya tabaka hilo likaja la Kifaransa: *motere*, *volani*, *freni*, *kamyo*, *shofere*. Pwani na bara ya Tanzania hali ni nyingine: *injini*, *usukani*, *breki*, *lori*, *dereva*. Fundi wa Kikula na fundi wa Morogoro wakikutana juu ya injini moja watafanya kazi kwa vidole kwanza, na maneno yatafuata.

Kwa jina la gari lenyewe mambo yananoga zaidi. *Landrova* limekuwa nomino ya kawaida, hata watu huliita hivyo gari lisilotoka kiwanda hicho. *Jipu*, lililotokana na Jeep ya Wamarekani ya vita vya 1939 hadi 1945, limegongana na *jipu* la zamani, uvimbe wenye usaha. Na tangu siasa za Tanzania za mwaka 2015 na 2016 zilipokuza usemi wa kutumbua majipu, mwandishi wa leo hawezi kuliandika neno hilo bila msomaji kutabasamu. *Difenda* ni gari la polisi, na hubeba hofu. *Shangingi* ndilo tajiri kuliko yote kwa maana. Awali lilimhusu mwanamke wa kujipamba na kujishaua. Baadaye Watanzania wakalibandika kwenye Land Cruiser za wakubwa serikalini, na Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, alipinga hadharani ununuzi wa magari hayo ya kifahari. Neno hilo ni ndugu mdogo wa *wabenzi*, lililowahusu matajiri wapya wa baada ya uhuru. Katika mifano hii yote jina la gari ni hukumu juu ya mwenye gari. Jarida la Kiingereza linaweza kusema Land Rover kwa mapenzi matupu. La Kiswahili lingelazimika kuchagua, katika kila sentensi, liko upande wa nani.

Oktoba 2024 mji wa Arusha ulifanya tamasha la Land Rover, na magari mengi mno yakaandamana barabarani kwa nia ya kuipita rekodi ya Ujerumani. Mapenzi basi yapo, na yanasemwa kwa Kiswahili. Lakini tamasha si jarida. Tamasha humwonesha mtu akiwa na gari lake limeoshwa. Jarida humtaka aeleze lilivyomshinda.

Hapa Katanga mara nyingi husemwa kwamba watu wa kazi hawaandiki. Kauli hiyo si kweli, na ushahidi uko mezani. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kilichotungwa na André Yav. Hakuna kampuni iliyokilipia, wala misheni iliyokisahihisha. Kinasimulia historia ya mji kwa macho ya boi aliyeandamana na bwana wake, kwa Kiswahili cha Katanga kama kilivyotamkwa. Kilikaa miaka 25 kabla Johannes Fabian hajakichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Na ili kieleweke, ilibidi Kalundi Mango akisome kwa sauti, kwa vile mipaka ya maneno na vituo havikufuata desturi tuliyofundishwa shuleni. Wengi hulitaja jambo hilo kama kasoro ya Yav. Sisi tunaliona kama maelezo ya namna ya kutumia: kijitabu kiliandikwa kisomwe kwa sauti mbele ya watu. Jarida la Ottawa nalo, kwa njia yake, linadai msomaji aliyekuwepo. Vichekesho vyake havimwingii mgeni.

Kwa upande mwingine kulikuwa na *Mwana Shaba*, jarida la Union Minière lililoanza mwaka 1957 na kuendelea chini ya Gécamines. Lilipendwa, lilikuwa na picha nzuri, lilizungumza juu ya mfanyakazi kila mwezi. Lakini lilizungumza juu yake kutoka juu. Mfanyakazi alikuwa picha na msomaji, hakuwa mhariri. Tofauti kati ya *Mwana Shaba* na kijitabu cha Yav ndiyo tofauti tunayoitafuta, na haitokani na ubora wa karatasi.

Jambo hili lina haraka yake. Mafundi wengi wa Likasi walijifunza kazi katika karakana za kampuni hiyo, walikopewa nidhamu ya vipimo na msamiati uliochanganya Kifaransa na Kiswahili kwa ustadi ambao hakuna kamusi iliyouhifadhi. Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeporomoka, na katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa. Waliokuwa mafundi walifungua garaji chini ya miti. Leo ni wazee. Vijana wanaojifunza kwao hujifunza mkono, na sehemu tu ya maneno, kwa kuwa gari la sasa huja na majina yake mapya. Kila fundi anayezikwa huondoka na namna nzima ya kueleza mlio wa giaboksi.

Wapo wenzetu watakaosema: basi jarida kama hilo liandikwe kwa Kiswahili sanifu, lisomwe hadi Mombasa. Wengine watasema liandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa vitabu vya ufundi ni vya Kifaransa. Hoja ya kwanza ina uzito, nami mwenyewe nimeandika makala haya kwa sanifu bila kuona haya. Lakini hebu tuangalie sentensi moja ya kawaida ya garaji: *motere inakatalaka kuwaka asubui*. Msanifishaji ataandika kwamba injini hukataa kuwaka asubuhi, na atadhani amehamisha kila kitu. Kiambishi *-aka* hakikusema tu kwamba jambo hurudiwa. Katika kinywa cha fundi kinadokeza kwamba gari lina tabia, kwamba limezoeleka, kwamba mteja alikwisha kuonywa. Katika kisa cha kuharibikiwa, tabia ya gari ndiyo mhusika mkuu. Ukiiondoa unabaki na ripoti.

Walter Schicho alikwisha kuichambua sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1982, na Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa wakatoa kitabu chao juu ya lugha hiyo mwaka 2014. Kwa hiyo kisingizio cha kwamba lahaja yetu haina maelezo ya kisarufi kimekwisha. Kilichobaki ni tahajia ambayo fundi ataikubali: je, aandike *asubui* au *asubuhi*, *mutuka* au *motokari*, *mekanisie* kwa neno moja au abaki na fundi? Maswali haya hayatajibiwa na idara ikiwa peke yake. Yapelekwe Kikula siku ya Jumapili garaji zikiwa zimefungwa, pamoja na kurasa chache zilizorudufiwa, na mtu mmoja azisome kwa sauti.