Mwanga Kwanza, Mlio Baadaye

Ijumaa ya Julai 21, 2023, Barbie na Oppenheimer zilitoka siku moja, huku Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One ikiwa bado kumbini. Nilizimaliza zote tatu wikendi hiyo. Kila moja ilinadiwa kwa sifa ileile: tumefanya kweli, hatukuitegemea kompyuta. Sifa hiyo inastahili kupekuliwa.

Tom Cruise aliruka kweli na pikipiki kutoka mlima Helsetkopen, Norwei, akafungua parachuti. Lakini njia ya chuma aliyopitia imefunikwa kwa mwamba wa kompyuta, na mwamba huo umeuvua mruko uzito wake. Tena video ya namna ulivyofanywa ilikuwa imezagaa tangu Desemba 2022. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa jibu kabla hajategewa kitendawili.

Mwongozaji Greta Gerwig, katika Barbie, hafichi uongo wake. Anga limepakwa rangi kwa mkono, nyumba hazina kuta, na vipimo vya seti vimepunguzwa kwa asilimia 23 hivi, ili waigizaji wavizidi vitu vyao kidogo, kama mwanasesere anavyokizidi kitanda chake. Macho huhisi kasoro hiyo kabla akili haijaitaja. Nusu ya pili, hotuba zinapoongezeka, ilinichosha.

Tuje kwa Oppenheimer. Kwa mlipuko wa Trinity, jaribio la kwanza la bomu la atomiki, mafundi wa mwongozaji Christopher Nolan walichoma petroli, propani, unga wa alumini na magnesi, kamera ikasogezwa karibu ili moto mdogo uonekane mkubwa. Mimi bado niliona moto wa petroli. Ndimi zake hujikunja kwa namna yake, uukuze utakavyo.

Kinachouokoa ni sikio. Fidla za mtunzi wa muziki Ludwig Göransson zinapanda mpaka hesabu inafika sifuri, kisha zinakatika. Moto unapanda kimya; tunasikia pumzi tu. Hii ni fizikia ya mtoto anayehesabu baina ya umeme na ngurumo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na mwanafizikia Oppenheimer mwenyewe alikuwa kilomita 9 hivi kutoka mnara wa bomu. Mlio ulihitaji sekunde 27 hivi kumfikia. Filamu imeunyoosha ukimya huo kupita dakika nzima. Ni uongo, lakini uongo wenye kazi: unampa mtazamaji nafasi ya kuufurahia moto, hata kishindo kinamkuta ameshaacha kukingoja. Aliyekuwa akitafuna bisi nyuma yangu alinyamaza mwenyewe.

Nakala za IMAX za milimita 70, zenye urefu wa kilomita 18 hivi kila moja, zilipelekwa kumbi 30 tu duniani, hakuna hata mmoja Afrika. Sisi tuliletewa ya dijitali. Picha ilipungua, ukimya ulifika mzima.

Ufundi mwingine niliutambua kwa kuchelewa. Mapema kabisa husikika vishindo vya miguu visivyo na mwenyewe. Mwenyewe anakuja kuonekana baada ya Hiroshima: ni watu wa Los Alamos, maabara lilikoundwa bomu, wanakanyaga mbao za ukumbi wakimshangilia mkuu wao. Kwenye jaribio la jangwani mwanga ulitangulia mlio; hapa mlio umeitangulia picha kwa sehemu kubwa ya filamu. Kisha, akiwa katikati ya hotuba, shangwe zinazimwa. Midomo inacheza, mikono inapigwa, na sauti iliyobaki ni yowe moja.