Mtu, Jitu na Kuporomoka kwa Shujaa katika "L'Attaque des Titans"

Katika Birere, mtaa wa biashara wa Goma ulio karibu na mpaka wa Gisenyi, mabishano juu ya Eren Yeager hayajaisha. Kazi ya Isayama Hajime ilianza kuchapishwa nchini Japani mwezi Septemba 2009, ikakamilika Aprili 2021 kwa sura 139 katika majuzuu 34. Filamu yake ya katuni ilianza kuonyeshwa Aprili 2013 na sehemu yake ya mwisho ikatoka tarehe 4 Novemba 2023. Vijana wa Goma, ambao lugha yao ya shule ni Kifaransa, wanaijua zaidi kwa jina la "L'Attaque des Titans", nao huitazama kwenye simu, sehemu baada ya sehemu. Wako wanaosema kwamba Eren ni shujaa aliyefanya lililompasa kwa ajili ya watu wake. Wako wanaosema kwamba aligeuka muuaji, na kwamba hakuna hoja inayoweza kumtakasa.

Mabishano hayo si mchezo wa watoto. Mji uliopokea mamia ya maelfu ya wakimbizi katika siku chache za Julai 1994, ukaingia mikononi mwa M23 Novemba 2012 na tena mwishoni mwa Januari 2025, umesikia mara nyingi mtu mwenye bunduki akijieleza kuwa mlinzi wa watu wake. Swali la ni wakati gani mlinzi hugeuka mwangamizi lina uzito pale, na uhakiki wa fasihi hauna haki ya kulikwepa kwa kisingizio kwamba kazi yenyewe ni ya katuni.

Kwa msomaji asiyeifahamu hadithi hii, yafaa msuko wake uelezwe kwa ufupi. Watu wanaishi ndani ya kuta tatu ndefu, wakiamini kwamba wao ndio mabaki ya wanadamu, kwa sababu nje ya kuta wanazurura majitu yanayokula watu. Katika mwaka wa 845 wa hadithi, jitu kubwa kuliko yote linavunja lango la Shiganshina, na mtoto Eren anashuhudia mama yake akiliwa. Anaapa kuyaangamiza majitu yote, lisibaki hata moja. Anajiunga na jeshi, na punde inagunduliwa kwamba yeye mwenyewe anaweza kugeuka jitu. Miaka inapita, vita vinapiganwa, na hatimaye wanafika kwenye chumba cha chini cha nyumba ya baba yake, ambako wanakuta vitabu vitatu. Humo wanasoma kwamba ulimwengu haukuangamia hata kidogo. Wao ni wakazi wa kisiwa tu. Ng'ambo ya bahari kuna mataifa mengi yanayowachukia. Na yale majitu waliyokuwa wakiyaua miaka yote ni ndugu zao wa damu moja, waliogeuzwa kwa nguvu na dola ya Marley na kutupwa kisiwani. Miaka minne baadaye Eren anavuka bahari. Mwisho wake anayaamsha majitu yaliyofichwa ndani ya kuta zenyewe na kuyaamuru yaikanyage dunia nzima. Ukuta uliowalinda watu kwa miaka mia moja ulikuwa jeshi lililosimama kimya. Kabla hajasimamishwa, na kuuawa na Mikasa aliyempenda tangu utotoni, asilimia 80 ya wanadamu walio nje ya kisiwa wamekwisha kufa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi juu ya kuporomoka huku ni kwamba uwezo ulimharibu. Ni maelezo mepesi, tena yameazimwa kutoka kazi nyingine. Makbeth, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata katika tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, anaharibiwa na tamaa: anautaka ufalme, anajua kwamba kuupata kwa damu ni uovu, anaua, na tangu hapo kila tendo linamvuta kwenye tendo baya zaidi. Ndani yake mna mabadiliko ambayo mtazamaji anaweza kuyafuata hatua kwa hatua. Eren hautaki ufalme wowote. Hatafuti mali, na wala hafurahii utukufu. Isitoshe, mtu akirudi kwenye kiapo cha mtoto yule baada ya kifo cha mama yake, kisha akasikiliza anachokisema mtu mzima siku ya maangamizi, atakuta jambo la kushtua: sentensi ni ileile. Kitenzi hakikubadilika. Kilichobadilika ni yambwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kuisoma kazi hii kwa jicho ambalo Kifaransa hakina. Neno "titan" ni la kisasili cha Kiyunani. Linataja viumbe wa asili nyingine, wasio na udugu na binadamu. Mtazamaji anayetumia neno hilo hana njia ya kuishuku siri kabla chumba cha chini hakijafunguliwa. Kiswahili sanifu, kinyume chake, kinasema "jitu". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu anajua kwamba shina ni lile lile -tu linalounda mtu, kitu na utu, na kwamba jitu si chochote ila mtu aliyehamishwa kutoka ngeli yake na kutiwa katika ngeli ya ukubwa. Siri ambayo Isayama aliificha kwa zaidi ya sura themanini imelala wazi ndani ya mofolojia. Na hapana budi kumtendea haki mtunzi, kwani Kijapani chake hakikudanganya: "kyojin" huandikwa kwa alama mbili, moja ya ukubwa na nyingine ya mtu. Tafsiri za Ulaya ndizo zilizoifunga siri hiyo. Kiswahili cha Goma nacho, kwa kulipokea neno kupitia Kifaransa, kimeifunga tena. Huko maneno ya kukopa huchukua ma- katika wingi, na hayo "matitan" yanakaa mbali kabisa na "batu".

Jambo hili lina maana kubwa kuliko mchezo wa maneno. Upatanisho wa kisarufi una nguvu ya kimaadili ambayo wanasarufi hawaitaji mara nyingi. Anayesema "majitu yameuawa" ameripoti kazi iliyofanyika. Anayesema "watu wameuawa" ametangaza msiba. Katika nusu ya kwanza ya hadithi mtazamaji anashangilia kila shingo inayokatwa kwa sababu viambishi vinamruhusu kushangilia. Vitabu vya chumba cha chini vinakiondoa kibali hicho. Kila mhusika anatakiwa tangu siku hiyo aisahihishe sentensi yake ya zamani: wale waliokuwa "ya-" ni "wa-", na walikuwa "wa-" siku zote.

Wengi wanaisahihisha, kila mmoja kwa namna yake, na wengine wanavunjika moyo kwa kufanya hivyo. Eren anaikataa kazi hiyo. Mahali penyewe panaweza kuonyeshwa kwa kidole, nako ni katika sura ya 90, wanapofika baharini kwa mara ya kwanza. Wenzake wanaingia majini, wanacheka, wanaokota kombe. Yeye amesimama akiitazama ng'ambo, ananyoosha mkono, na kuuliza kama watakuwa huru endapo watawaua maadui wote walioko huko. Hajapata bado nguvu ya kuiangamiza dunia. Hajamuua raia hata mmoja. Lakini tayari amekwisha kuporomoka, kwa sababu badala ya kuyapandisha majitu yaingie katika ngeli ya watu, amewashusha watu wa ng'ambo waingie katika ngeli ya majitu. Sentensi yake imesalimika, na hilo ndilo alilolitaka.

Aristotle alisema kwamba shujaa wa tanzia huanguka kwa kosa, si kwa uovu. Wahakiki wamebishana kwa karne nyingi juu ya maana ya kosa hilo. Kwa Eren kosa ni uaminifu: alikuwa mwaminifu kwa kiapo cha mtoto wa miaka kumi. Ndiyo maana vijana wanaomtetea hawawezi kupuuzwa. Wanauona uaminifu huo, nao upo kweli. Aliyempoteza mama akaapa, kisha akakitunza kiapo mpaka mwisho, anafanana sana na shujaa, na wala hakuna siku moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo aliyoacha kufanana naye. Katika vibanda vya sinema vya Tanzania na Kenya watazamaji wa zamani walikuwa na kanuni rahisi: yuko stelingi na yuko adui, na stelingi hafi. Isayama amemchukua stelingi, hakumnyang'anya hata sifa moja ya kistelingi, kisha akamweka mahali pa adui.

Sura yenye nguvu kuliko zote, ambayo wabishani wa pande zote mbili huipita haraka mno, ni ya 131. Ramzi ni mtoto wa kambi ya wakimbizi. Vita vimemwondoa kwao, naye anaiba sokoni ili ale. Goma wangemwita maibobo bila kusita. Kabla ya maangamizi Eren anamkuta akipigwa kichochoroni. Anamwokoa, huku akijua kwamba siku si nyingi atakuja kumuua yeye na kaka yake. Anapiga magoti mbele yake, analia, na kumwomba msamaha. Ramzi haielewi lugha yake. Anamwona mgeni anayelia, basi.

Ustadi wa mtunzi uko hapo. Msamaha umeombwa kwa lugha ambayo mwenye haki ya kuutoa hawezi kuisikia, tena kabla ya kosa kutendeka, na bila nia yoyote ya kuliacha. Muundo wa tendo ni wa toba, lakini hakuna msikilizaji, kwa hiyo hakuna toba. Na tazama mkosaji anavyosema huku akilia: anamwita Ramzi mtu. Kwa dakika chache upatanisho umerekebishwa. Kumbe alikuwa anajua sarufi siku zote. Anayefikiri kwamba Eren alidanganyika, au alipofushwa na hasira, hana budi kuisoma sura hii upya.

Kutoka Goma hadi nchi ya Wanyanga, katika misitu ya Walikale, si safari ya nje ya mkoa. Huko ndiko Daniel Biebuyck alikoandika mwaka 1956 utenzi wa Mwindo kutoka kinywani mwa msimulizi Candi Rureke, ukachapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliye Mnyanga mwenyewe. Mwindo naye alidhulumiwa tangu utotoni. Baba yake Shemwindo aliamuru asizaliwe mtoto wa kiume, na Mwindo alipozaliwa akitembea na kusema, baba akajaribu kumuua kwa mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Naye alirudi kulipiza. Mji wa Tubondo uliteketezwa pamoja na watu wake kwa radi ya Nkuba. Mpaka hapo Mwindo na Eren ni ndugu, na anayempenda mmoja hana sababu ya kumchukia mwingine.

Njia zao zinaachana baada ya ushindi. Mwindo anawafufua waliokufa Tubondo kwa usinga wake, na baba yake anapopatikana, anasamehewa na kugawana naye nchi. Hilo ni la kimuujiza, na huenda mtetezi wa Eren akasema kwamba katika vita vya kweli wafu hawafufuliwi. Ni kweli. Lakini utenzi hauishii hapo. Mwindo, sasa akiwa mtawala, anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Anawatuma wawindaji, wanakutana na Kirimu, joka la msituni, na Mwindo analiua. Kwa mizani ya hadithi za kawaida hicho ni kilele cha ushujaa, kwa kuwa zimwi limekufa na nchi imesalimika. Rureke hakubali. Harufu ya nyama inayochomwa inapanda juu mpaka kwa Nkuba, na Nkuba alikuwa rafiki wa damu wa joka lile. Anashuka na kumchukua Mwindo angani, ambako kwa mwaka mzima anateswa na mvua, mvua ya mawe, mwezi na jua, kisha anarudishwa akiwa amekatazwa kuua mnyama.

Zimwi lilikuwa na rafiki. Ndilo jambo ambalo msimulizi wa Walikale alilijua na ambalo Eren, aliyesoma vitabu vitatu vya baba yake, alilijua pia akalikanyaga. Hata nguvu ile ile iliyomsaidia Mwindo kuichoma Tubondo ndiyo inayomshtaki.

Kwa kipimo hiki mwisho wa kazi ya Isayama unaonekana dhaifu kuliko sura zilizoutangulia. Katika sura ya 139 Eren anamweleza rafiki yake Armin kwamba alipanga auawe na wenzake ili dunia iwaone kuwa wakombozi. Halafu anakiri kwamba hata bila mpango huo angeikanyaga dunia, kwa kuwa alitaka kuiona tupu. Ungamo hilo la pili ni la kweli na lingetosha. La kwanza linamrudishia taji la ushujaa kwa mlango wa nyuma. Kuongezea kwamba aliyaona yote mapema katika kumbukumbu za siku zijazo ni kumpunguzia mzigo bila sababu, na tanzia hupungua uzito kila hatia inapohamishiwa kwa majaaliwa. Kibaya zaidi, katika kitabu Armin anamshukuru kwa kuwa muuaji kwa ajili yao. Wasomaji wengi walilalamika, na filamu ya 2023 iliyaandika upya mazungumzo hayo: Armin hashukuru tena, bali anakiri kwamba naye ana sehemu katika hatia, na kwamba huko waendako baada ya kufa watakuwa pamoja.

Masahihisho hayo ni mema. Hata hivyo mazungumzo yamebaki ya watu wawili, wote wazaliwa wa kisiwa kimoja, wanaoelewana lugha. Aliyemhukumu Mwindo alikuwa rafiki wa aliyeuawa, naye alishuka mwenyewe mpaka Tubondo kumchukua.