Ndururu, Ukwaju na Maji ya Chumvi

Senti kumi ya enzi ya mkoloni inayong'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana ni sarafu iliyokwisha kuharibiwa. Kitui na Makueni uharibifu huo hufanywa kwa nia njema kabisa, na vifaa vyake viko jikoni.

Ninazozungumzia ni sarafu zenye tundu katikati, ndururu ya senti tano na ile kubwa ya senti kumi, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia 1921 hadi 1964. Sehemu kubwa ni shaba, pamoja na bati na zinki kidogo. Pembe za ndovu zimelikumbatia tundu, na baadhi zina herufi ndogo ya kiwanda: H ya Heaton kule Birmingham, SA ya Pretoria. Mkusanyaji huitafuta herufi hiyo kwanza, nayo haikawii kufutika chini ya majivu na waya wa kusugulia sufuria.

Ukwaju na limau huondoa weusi, ni kweli. Asidi yake huondoa pia ngozi ya kahawia ambayo shaba imejijengea kwa miongo mingi, ikaachwa bila kinga. Kisha sarafu husuuzwa kwa maji ya kisima, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu visima vingi vya Ukambani vina chumvi. Kloridi ikijificha ndani ya shaba na kupata unyevu na hewa, huzaa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba na kuzaa kloridi tena. Utaona vidoa vya kijani mpauko. Vichokoe kwa kijiti cha meno: vikipukutika kama unga, sarafu ni mgonjwa. Kutu ya kijani ya kawaida hushikamana.

Makumbusho hutibu ugonjwa huo kwa kuloweka sarafu wiki kadhaa katika sesikwikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, maji hayo yakibadilishwa kila mara. Kemikali hiyo ndiyo kiini cha magadi ya Ziwa Magadi, yale yanayolainisha mahindi ya muthokoi! Ila magadi ghafi yamebeba chumvi, adui yule yule, kwa hiyo maabara hutumia kemikali iliyosafishwa.

Sarafu nzima haihitaji hayo. Iloweke siku moja katika maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli (si asidi ya betri), toa udongo kwa kijiti, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na pamba. Ishike ukingoni, maana jasho nalo lina chumvi.

Katika kuhifadhi, epuka albamu laini za PVC. Plastiki hiyo ikizeeka hutoa asidi na utelezi wa kijani. Bahasha za poliesta ni salama. Ziweke ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Kiangazi cha Ukambani kinasaidia sana, lakini mvua za Novemba hupandisha unyevu ghafla, kwa hiyo zikague Desemba na uitenge mara moja yoyote yenye unga.